Upande wa Baba

Jumatatu, 14 Julai
Maabara tangu asubuhi. Seli za mbwa chini ya taa ya mionzi, kisha kusubiri. Uzamili wangu wote ni protini moja, p53. Seli yenye afya huitengeneza na kuivunja hapo hapo, isijae. DNA ikijeruhiwa, kule kuvunja kunasimama. Protini inapanda, seli inaacha kugawanyika mpaka ijirekebishe. Ikishindwa, inajiua. Leo umeme umekatika, sampuli zimeharibika. Naanza upya. Nimechoka na mbwa hawa.

Mdogo wangu Mwajuma kapigiwa simu kutoka hospitali. Uvimbe wa saratani ya titi walishautoa, sasa mionzi inaanza wiki ijayo. Afadhali.

Alhamisi, 17 Julai
Baba mdogo kashuka kutoka Mkuyuni kumwona mgonjwa. Kaja na mkungu wa ndizi. Baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Hata dada zetu walikwenda na titi hilo hilo. Wawili. Na mtoto wa mmoja wao, uvimbe wa mfupa, akiwa darasa la tano."

Nilikuwa sijui. Sisi Waluguru tunahesabiwa kwa mama. Shangazi ni watu wa ukoo mwingine, msiba wao unakwenda, unazika, unarudi.

Ijumaa, 18 Julai
Kabla ya upasuaji daktari aliuliza kama familia ina saratani. Aliyejibu ni mjomba, ndiye msemaji wetu. Akasema hakuna. Hakudanganya. Alihesabu watu wake: bibi, mama, wajomba. Hata mimi ningejibu hivyo hivyo.

Wapo wanaozaliwa na jeni ya p53 yenye kasoro, kutoka kwa mama au kwa baba. Ukiwapiga mionzi, seli zilizojeruhiwa hazisimami. Zinagawanyika na majeraha yake. Tiba yenyewe inaweza kuzaa saratani nyingine mbele ya safari. Naogopa sana.

Jumamosi, 19 Julai
Mlali, kwa mjomba. Siwezi kumrukia nikaenda kwa daktari. Nimemkuta kwenye kabichi, nikamweleza ya shangazi. Kakasirika.

"Unataka kuwaingiza watu wa baba yako kwenye damu yetu?"

Nikamwambia walishaingia, mjomba, nusu yetu ni ya huko. Kaendelea kumwagilia kama sipo. Nimerudi na vumbi na hasira.

Jumatatu, 21 Julai
Mjomba kapiga mwenyewe. "Mwambie daktari. Sema nimeruhusu." Kumbe jana alikwenda Mkuyuni peke yake, akaomba aonyeshwe makaburi ya shangazi. Hakuniambia zaidi na sikumuuliza.

Daktari kasimamisha mionzi. Kipimo cha jeni kwanza. Mwajuma hataki kuongea nami. Alishajiandaa, anaona nimemcheleweshea kupona. Labda kweli. Sina nguvu ya kubishana.

Ijumaa, 5 Septemba
Majibu yametoka. Kasoro ipo, ya kurithi. Watatoa titi lote, mionzi hakuna. Mwajuma kakubali, kwa uchovu zaidi kuliko ujasiri. Kanishika mkono, basi.

Wamesema sisi ndugu wa baba mmoja nasi tupimwe. Nimetoa damu leo. Muuguzi akauliza kama nina mtoto. Ninaye, Nuru, miaka minne. Akasema kabla ya kumpima tusubiri majibu yangu, mimi mama yake.

Jioni Nuru kataka kubebwa mgongoni. Ni mzito siku hizi, na mgongo unaniuma. Nimembeba mpaka akasinzia, nikaendelea kuzunguka naye uani.