Nilichosema redioni, mama akakisikia

Jumanne, Izia. Baridi ya leo ndiyo ile ya Ufipa yenyewe, upepo unaingia mpaka kwenye mifupa. Nimekaa jikoni karibu na moto, moyo umetulia. Naandika sasa hivi kabla sijajipa sababu za kuficha.

Asubuhi nikiwa kazini nilipiga simu redioni. Mada ilikuwa: ni sawa kujaribu dawa kwa wanyama kabla ya kumpa binadamu? Msikilizaji mmoja wa Mpui alisema bora afe panya kuliko mwanawe. Nikamwona hana utu. Nikasema, tena kwa kujiamini, kwamba anayemtesa mnyama kwa ajili ya dawa hana huruma, na anayeitumia dawa hiyo ni mshirika wake. Mafundi wenzangu pale Milanzi waliacha vyerehani wakanipigia makofi. Nikashona kutwa nzima kichwa kimevimba.

Kumbe mama alikuwa anasikiliza.

Jioni nimemkuta kwenye kigoda, ugali unapoa mbele yake. Hajachoma sindano yake ya sukari. Kichupa cha dawa kimo kwenye chungu cha maji, tunakokihifadhi kwa kuwa hatuna friji. Nesi aliyemfundisha kujichoma ndiye aliyetuambia kwamba dawa hii ilianza kujaribiwa kwa mbwa. Mimi nilisahau. Yeye hakusahau.

"Sitaki kuwa mshirika, mwanangu," akasema.

Nilipiga magoti, nikamwambia ukweli: nilikuwa natafuta sifa tu, na nikimkosa yeye sina pa kukimbilia. Nikaanza kulia, naye akaninyooshea mkono.

"Haya, lete."

Sijawahi kushukuru kwa neno dogo namna hiyo.

Kumtesa mnyama kwa sababu ya losheni tu, si dawa, bado naona ni ukatili. Ila mama yangu yu hai, na wapo mbwa nisiowajua walioumia kabla yake. Hao nao nilipaswa kuwataja.

Baada ya kula, mama alichukua kichwa cha samaki wetu wa mgebuka, sehemu anayoipenda kuliko zote, akatoka nacho nje akamwita mbwa wetu, Watasema. Jina alimpa mwenyewe, ujumbe kwa majirani. Alisimama kwenye baridi ile mpaka mbwa akamaliza.

"Asante, baba," akamwambia.

Kesho napiga simu tena redioni. Safari hii mama atakuwa amekaa pembeni yangu.