Mche Kando ya Kisima Chako

Mpendwa Aabo,

Mungu akurehemu. Kesho baada ya swala ya adhuhuri wazee wanakuja ofisini kwangu hapa Garissa kuchukua mbegu, nami nahesabu saa kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Ningemwambia mwenzangu wa ofisini, lakini angecheka. Wewe hungecheka, maana yalikupata.

Unakumbuka siku ulipoleta mathenge? Nilikuwa darasa la pili. Ulirudi kutoka mjini na miche minne ndani ya karai, umeifunika kwa shuka lako isiungue na jua, na sisi wanao tukaona wivu kwa sababu hukuwahi kutufunika vile. Wataalamu walikuambia itazuia vumbi na kulisha mbuzi. Ukaipanda kando ya kisima, ukaizungushia miiba. Kiangazi kilipokausha kila kitu, yako ikabaki kijani, na kila mgeni aliyekuja kunywa chai ulimshika mkono ukampeleka kuiona. "Mti huu haufi," ulikuwa ukisema. Ulifurahi sana, Aabo. Sikukuona tena na furaha kama ile.

Baadaye ukawa unaokota maganda yake na kuwapa mbuzi. Mbuzi wakala, wakatembea, wakaacha mbegu kwenye kinyesi njia nzima. Leo mathenge imeziba njia ya kisima. "Ngamia hawezi bita," mdogo wako, adeer Hirsi, aliwaambia wenzangu tulipokwenda kupima maji, akanitazama mimi kana kwamba nilipanda kwa mkono wangu.

Maji napima kwa kamba yako ileile, ile uliyofunga fundo kila kiangazi pale maji yalipoishia. Tangu uondoke nimeongeza mafundo manne, na kila moja liko mbali na mwenzake kuliko ninavyopenda. Watu wanasema ni mizizi ya mti wako inayokunywa. Mimi siwezi kuapa. Mvua nazo siku hizi zinakuja zinapotaka, na miaka mingine haziji kabisa. Lakini jina linalotajwa kisimani ni lako, nami nalisikia nikiwa nimeinama nasoma kamba.

Sasa sikia yangu. Nyuma ya ofisi nimeotesha kwa majaribio kichaka kutoka nchi ya mbali, kina maganda matamu kwa mifugo, nacho nimekizungushia seng'enge. Kiangazi kilichopita nilitumwa kikazi mbali, Bute, huku nyuma pampu ikaharibika, na hakuna aliyemwagilia chochote. Niliporudi mimea mingine yote ilikuwa imekufa. Kichaka kilikuwa kijani, kimejaa maganda. Wenzangu walinipongeza. Mimi nilisikia sauti yako, nikakuona na karai lako, nikaogopa.

Ningeishia hapo. Ila miezi miwili iliyopita nilimkuta adeer Hirsi na mbuzi wake kumi na mmoja waliobaki. Mmoja alikuwa ameegemea ukuta wa choo ili asianguke. Nilikuwa na maganda ya kupima ndani ya mkoba. Nikampa mbuzi yule konzi moja, Aabo. Ni mimi niliyesoma miaka yote ile, niliyewaandikia watu wasifanye hivyohivyo. Mbuzi yule amepona. Adeer alitangaza kila mahali, na ndiyo sababu wazee wanakuja. "Huyu mtoto ni yetu," aliwaambia wenzangu. "Yeye akisema mti iko sawa, sisi nachukua."

Tangu siku ile, kila Ijumaa nakwenda nyumbani na kupita njia ya mbuzi nikifukua kinyesi kwa kijiti, natafuta mbegu za konzi ile. Watoto wananifuata wakinicheka. Mama anasema chuo kikuu kimeniharibu.

Leo ni Ijumaa. Kando ya hori, pale maji yanapomwagika, nimekuta mche. Majani machache tu, mafupi kuliko kidole changu. Ni wa kichaka changu, ninaujua.

Nikisema mbegu zisitoke, mbuzi wa adeer hawafiki mvua ijayo, na atanihesabia hilo maisha yake yote. Nikisema zitoke, mjukuu wako atapima kisima chako akitaja jina langu. Kesho nitaweka kamba yako mezani, niwaambie habari ya konzi ile, kisha niwaambie kwamba sijui, wasubiri. Sijawahi kuwaambia wazee kwamba sijui. Naogopa uso wa adeer kuliko kitu chochote.

Mche nao nitauweka hapo mezani. Niliuchimba kwa mikono taratibu, nikaufuata mzizi hadi bega langu lilipogusa mchanga. Hapo ukakatika, Aabo, kabla sijafika mwisho wake.

Lala salama. Niombee, kama huko mnaruhusiwa.

Ni mimi binti yako, uliyemwachia kamba.