Mwanya wa Mwanabibi: Kumkumbuka Jamnadas, Mchoraji wa Malindi

Mwaka umetimia, Baba Mukesh, mume wangu, tangu ulipotutoka mwaka 1911, kitambaa cha rangi kikiwa bado begani. Nimekifua na kukifua. Nyekundu imekataa kutoka. Ukaidi wake kama wako.

Ulianza kwa kupaka rangi milango ya maduka, ukaishia kuchora mashamba na sura za watu. Bahari ya masika uliipaka hudhurungi. Mzungu mmoja aliponung'unika kuwa bahari ni buluu, ulimwambia, "Bwana, hii imekunywa mto Sabaki." Akacheka, akaichukua picha.

Lakini mtaa unakukumbuka kwa picha ya jirani yetu Mwanabibi. Mwanabibi alifariki wakati bintiye Tumu akikaribia kuolewa Mambrui, na Tumu hana hata sura ya mama ya kwenda nayo. Akaja kulia kwako. Nawe, mwanamume asiye wa ukoo, hukupata kumwona Mwanabibi uso. Ulijua kicheko chake tu, kilichovuka ukuta. Basi mimi niliyekuwa nikiingia ndani kwake nikakusimulia: uso wa duara, nyusi nene, na mwanya.

Ukachora, hutaki kuchunguliwa. Tumu alipofunuliwa picha akasema, "Ami, mbona mama amenuna kama kadhi? Na huu ufa ukutani nyuma yake ni wa nini?"

"Mama Mukesh kasema ana mwanya!" ukajibu, ukinionyesha mimi.

Ewe mume wangu! Miaka yote hiyo Malindi, na mwanya kwako ni ufa wa nyumba tu. "Wa meno, bwana wee, wa meno!" nikakwambia. "Huo ndio uzuri wenyewe!"

Tumu alicheka mpaka akakaa chini, akicheka kama mamake, meno yote nje. Ukamtazama. Ukachukua brashi, ukaufungua ule mdomo pichani.

"Ndiye," Tumu akasema. "Ndiye huyu."

Tunakukumbuka sisi: mkeo Labhuben, mwanao Mukesh, binti yako Bhanumati, na wajukuu wanaoiba rangi zako nami najifanya sioni.

Tumu naye anakusalimu. Mumewe hataki sura ya mtu itundikwe ukutani, basi picha ya mama ameibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lake. Kila akitaka leso hufungua, akasema, "Shikamoo, mama," na mama anamchekea.

Daima utatajwa nyumbani humu, na tukikutaja tutacheka.