Nihamishe Intaneti, au Nimwachie Mama Mkwe?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijapoteza kazi, au mume, au vyote viwili, maana hata sijui kipi kimeshapotea na kipi bado ninacho.

Kazi yangu ni kupokea simu za wagonjwa wa kliniki moja ya meno na kuwapangia siku za kuja, na naifanyia nyumbani kwa kompyuta, kwa hiyo bila intaneti mimi sina kazi. Wiki tatu zilizopita mimi na mume wangu, ambaye ni fundi wa jenereta, tulikubaliana tupumzishane kidogo, hatukugombana sana, talaka hakuna aliyeitamka, alisema tu, "Labda kila mtu akae kwake tuone," basi nikapanga vyumba viwili juu ya saluni, nikahama na nguo, mto wangu na kompyuta, vyombo nikaviacha. Intaneti ya kule nyumbani iko kwa jina langu, nikaenda kuomba ihamishwe, dada wa kaunta akanipa fomu, na fomu inauliza: unahama moja kwa moja au kwa muda? Nilisimama pale na kalamu mpaka mtu wa nyuma yangu akaguna, mwisho nikatia alama kwenye "moja kwa moja", kwa sababu niliambiwa wanaohama kwa muda hawahamishiwi, lakini mpaka leo sijui kama niliandika kweli au uongo.

Fundi wa kampuni akaenda kuing'oa, na pale nyumbani yuko mama mkwe wangu, tuliyeishi naye miaka sita, ambaye kwa aibu nilimuaga kwamba nasafiri kikazi siku chache. Akamkaribisha fundi kiti, akampa maji, akamwambia, "Mwenyewe ametoka tu, atarudi." Fundi akanipigia: "Dada, niing'oe au nisiing'oe? Huku naambiwa unarudi." Kabla sijafungua mdomo mama akaichukua simu, akasema, "Mwanangu, wakikiondoa hiki kisanduku, nitampata wapi wifi yako?" Alimaanisha binti yake anayesoma ng'ambo, wanaoonana kwa video kila Jumapili mchana, lakini nikamsikia fundi pembeni akimjibu, "Mama, wifi ndiyo hii ninayoing'oa!" Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikamwambia fundi aondoke.

Sasa nafanyia kazi kwenye benchi la saluni, kwa intaneti yao, mashine za kukaushia nywele zinanguruma, juzi mgonjwa aliniuliza, "Samahani, hapa ni kliniki au nimempigia msusi?" na msimamizi wangu ameshanionya mara mbili. Nikampigia mume wangu nikamuuliza, "Niihamishe au niiache?" akajibu, "Fanya unavyoona." Neno hilo nimeligeuza kila upande, ananifukuza, ananiita, au amechoka tu? Na kampuni inasema nisipothibitisha kufikia Ijumaa, ombi linafutwa na naanza upya. Nikihamisha ni kama nimetangaza kuwa nimeondoka, nikiiacha nafukuzwa kazi, na mimi mwenyewe sijui kama nimeondoka au bado nipo. Nifanye nini?

Mpokea Simu

JIBU

Mpokea Simu, Ijumaa yako isingelisubiri gazeti, ndiyo maana nilikupigia Jumanne. Nayaandika hapa niliyokuambia, kwa ruhusa yako, kwa kuwa wako wengi waliokaa kwenye benchi kama lako.

Kwanza pole sana. Kuishi nusu umehama, nusu hujahama, kunachosha mwili na akili. Lakini umenishangaza, dada yangu! Wewe na mumeo, watu wazima wawili, mmeshindwa kumwambia mama ukweli, mkamwachia fundi wa intaneti afike na bisibisi yake kuutangaza. Alikosa nini fundi wa watu?

Fomu ile haina habari na ndoa yako. Inauliza waya upite wapi, basi. Laini iliyohamishwa inaweza kurudishwa mwezi ujao, lakini kiti chako cha kazi akishakikalia mwingine, usitegemee kukipata tena. Kwa hiyo thibitisha, na usimwombe mtu ruhusa.

Ila kabla ya kuthibitisha, nenda kwa mama. Mchana, kwa miguu yako, si kwa simu. Mwambie: "Mama, sikusafiri. Mimi na mwanao tumetengana kwa sasa, na mwisho wake siujui." Kisha iambie kampuni fundi aje Jumatatu, ili Jumapili mama aongee na binti yake. Baada ya hapo, mumeo anayewasha jenereta za watu, mtu mzima na akili zake, aombe intaneti kwa jina lake, kwa ajili ya mama yake. Hilo ni lake.

Na hiyo "fanya unavyoona", acha kuichambua. Ulimuuliza habari za intaneti, akakujibu habari za intaneti. Kaa naye uso kwa uso, umuulize unachotaka kujua: "Unataka turudiane?" Ukishauliza, nyamaza umsikilize.

Jumamosi nilipata ujumbe wako. Ulikwenda. Unasema mama alikuangalia, akasema, "Nilijua tangu siku ile. Mtu wa safari ya siku chache habebi mto wake." Halafu akaingia jikoni akakufungia sufuria mbili na kisu, akisema umekonda. Sikutarajia hayo, na nadhani hata wewe hukuyatarajia.

Mumeo naye, ulipomuuliza, aliomba wiki mbili za kufikiri. Mpe hizo mbili, usiongeze ya tatu. Katikati ya hapo usimpigie kumuuliza amefikia wapi, wala usimtume mama. Jumatatu intaneti ikiwaka, toka kwenye benchi la saluni, panda kwako, funga mlango, upokee simu za watu wenye meno mabovu. Unapokaa anapajua. Akiwa na jibu, apande ngazi agonge.