Mfereji Uliomngoja Karisa

Kaka yangu Karisa,

Sijui aliye huko uliko husalimiwaje. Nitakuambia tu kwamba mfereji wa bafuni haudondoki tena, na kwamba Mama hawezi kutembea. Mambo hayo yamefuatana, nami nataka uyasikie kwangu.

Unaikumbuka asubuhi ile. Ulikuwa umeshika spana, macho mekundu, mwili unawaka homa, nawe wasema mfereji huu umekuchosha, leo ndiyo leo. Mama akakunyang'anya spana. "Lala kwanza, mwanangu. Mfereji hauna miguu, utakungoja." Ukacheka, ukalala. Hukuinuka tena. Mkojo ukawa mweusi, na tulipopata gari la kukupeleka hospitali, ukawa huna haja nalo.

Mazishini Mama hakulia. Watu wa mtaa wetu wa Chaani walimtazama, wengine wakanong'ona. Aliporudi aliweka sufuria chini ya mfereji, akanikataza nisiuguse. "Nilimwambia utamngoja," alisema. "Basi na umngoje."

Wewe ndiye uliyelivuta bomba hilo mpaka ndani, Karisa. Ulipoufungua mfereji mara ya kwanza, majirani walikuja kutazama maji yakitoka kwenye ukuta wa udongo, na Mama akawanywesha wote kana kwamba ni harusi. Sasa mfereji ule ule ulikuwa ukidondoka mchana kutwa. Sufuria ilipojaa, Mama aliimwaga na kuirudisha. Sakafu ikaota ukoga wa kijani.

Mwinyi, mwenzako wa kazini, alikuja na spana yake. Mama akasimama mlangoni mwa bafu, akatanua mikono.

"Mama, wallahi sikuja kwa ubaya," Mwinyi alisema.

"Mwenyewe atautengeneza."

Mwinyi akageuka na spana yake. Nilipomsindikiza aliniambia, "Dada Kadzo, sakafu ile itaua mtu." Nilijua. Lakini ningemwambia nini mama ambaye hajamlilia mwanawe?

Haikumwua Mama, ila aliteleza na sufuria mkononi. Nilisikia kishindo, kisha kimya, kisha sauti nyembamba ambayo sikuijua kuwa ni yake. Nyonga ilivunjika. Hospitali walimlaza, wakamfunga bendeji, wakanirudishia wakisema mguu ule hautabeba tena.

Nilidhani ubaya umefika mwisho. Nilimlaza chumbani mwako, na ukuta ule unapakana na bafu. Akawa anausikia mfereji kutwa. Siku moja akaniita kwa sauti laini, sauti yake ya zamani kabisa. "Kadzo, nduguyo yuko bafuni. Mpelekee taulo."

Nikasema, "Abee, Mama." Nikachukua taulo, Karisa. Nikaingia nalo bafuni, nikakaa chini kwenye maji, nikalishika kinywani nisisikike.

Kesho yake akaniambia nikupashie moto chakula, ukitoka kuoga utakuwa na njaa. Hapo nikaona basi.

Nikaenda kuifunga koki ya nje kama nilivyokuona ukifanya. Spana yako nzito, mikono yangu ikachubuka. Ndani ya mfereji mpira ulikuwa umelika wote, na tangu vita vianze mpira haupatikani madukani, kila kitu kimekwisha. Nikakumbuka ulivyosema ngozi ikilowa huvimba. Mkanda wako wa ngozi ulikuwa bado unaning'inia nyuma ya mlango. Nikaukata kwenye ncha, kile kipande kilichopita matundu. Cha kwanza nilikikata kidogo mno, maji yakaendelea. Cha pili nikakipima juu ya ule mpira mbovu, nikakata taratibu, nikakaza mpaka mwisho. Nikafungua maji. Nikangoja. Hakikudondoka kitu.

Niliporudi chumbani Mama alikuwa ameugeukia ukuta, anasikiliza.

"Ametoka bafuni?"

Ningeweza kusema ndiyo. Midomo yangu ilikuwa tayari kusema ndiyo.

"Hayumo, Mama. Karisa tulimzika. Mfereji nimeufunga mimi."

Akanigeuzia uso. Nilifikiri atanipiga au atanilaani. Kisha mdomo wake ukapinda, akalia, akaliita jina lako kwa nguvu ambazo sikujua anazo, akapigapiga godoro kwa ngumi. Majirani walikuja mbio wakidhani tumefiwa tena. Wanawake wakaingia, wakaketi chini, wakalia naye. Kilio chako, kaka, kilikuwa siku hiyo.

Tangu hapo hakuulizii tena bafuni. Ameuliza kaburi lako liko upande gani. Mwinyi amesema Jumapili, wakiwa hawana kazi, ataleta wenzako wambebe Mama kwa kitanda chake mpaka makaburini. Labda ndiyo mara yake ya mwisho kutoka nje. Amekonda sana, na vidonda vimeanza mgongoni. Mimi nimo humu naye, namgeuza, namwogesha, sitamwachia mtu mwingine.

Kwaheri, Karisa. Akifika hapo ulipo atalia tena. Nakuahidi, sitamwambia anyamaze.

Nduguyo,
Kadzo