Sauti Iliyo Ndani ya Wimbo ni Yangu, na Mimi Sijafa

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Kibiti, Alhamisi, tarehe 7 Agosti 2025, saa nne asubuhi.
Jina: Tabu Saadi Mfaume. Umri: miaka 49. Dini: Mwislamu. Elimu: darasa la saba. Kazi: mkulima wa mpunga. Makazi: Mbuchi, Wilaya ya Kibiti. Uhusiano: mama mzazi wa mlalamikaji, Yasmini Shaban.

Wimbo wa ndege wa mpunga unaopigwa redioni ameutunga mwanangu Yasmini, na yule mwanamke anayepiga ukelele katikati ya wimbo ni mimi hapa, sijafa. Sasa afande, asalaam aleikum. Nimetanguliza hilo kwa sababu nimetoka nalo Mbuchi limenikaa kooni.

Afande ameniambia nieleze tangu mwanzo. Yasmini ni mtoto wangu wa pili, ana miaka 25, amemaliza kidato cha nne hapa hapa Kibiti. Wenzake walitafuta kazi, yeye akatafuta watu wenye sauti nzuri wasiojua kujisimamia. Anawatungia nyimbo, anawatafutia harusi na shughuli za kuimba, anapatana na wenye studio Dar es Salaam. Tena anaandika habari za wasanii wa huku kwetu kwenye mtandao, zinasomwa mpaka Muscat. Nenda Ikwiriri uulize meneja wa kike wa muziki, hata muuza mihogo atakuonesha. Afande amesema hayo hayahusiani na simu ya Yasmini iliyoibwa. Nimemwambia yanahusiana, aandike, na ameandika.

Mnamo mwezi wa Mei mwaka huu, mpunga ulipoanza kushika punje, Yasmini alikuja shambani kunisaidia kuamia ndege. Wakati huo hatulali kijijini, tunahamia kwenye dungu, kibanda chetu cha juu ya miti katikati ya shamba. Tunatandaza kamba zenye makopo. Ndege wakishuka unavuta, makopo yanalia, wanaruka. Kamba yangu kubwa inapita mpaka shamba la shoga yangu Mwanasiti Ukasha, naye anaivutia huko kwake.

Jumatano tarehe 21 Mei, asubuhi, Yasmini alikuwa dunguni anarekodi wimbo kwa simu yake. Wimbo unamsema mwanamume ambaye wakati wa kulima haonekani, mpunga ukiiva anatua na familia yake yote. Namjua anayesemwa, lakini hilo si la polisi. Akaniambia, "Mama, nakuomba usiseme kitu, narekodi." Nikanyamaza. Nilinyamaza kweli. Ila kundi zima la ndege likashuka, nikavuta kamba, ikaja yote mkononi, nikasahau. Nikapiga ukelele:

"Mwanasiti weee! Kamba imekatikaaa!"

Naye akajibu kutoka kwake: "Ifunge mwenyewe, mie nina uji mkononi!"

Yasmini alicheka mpaka dungu likatikisika. Nikamwambia afute aanze upya. Akasema, "Sifuti ng'o. Hapo ndipo utamu wenyewe ulipo." Dunguni hakuna mtandao, kwa hiyo hakumtumia mtu yeyote, wimbo ulibaki ndani ya simu hiyo tu.

Jumamosi tarehe 24 Mei alikuja Kibiti kwenye mazoezi ya wasanii wake, na simu akaiweka kwenye chaji pale ukumbini. Ilipotea hapo. Mimi sikuwepo, ninasema alivyonisimulia aliporudi kesho yake, na kituo hiki kina taarifa aliyoitoa siku ile ile. Kati ya waliokuwepo ni Sufiani Kheri, mwimbaji ambaye Yasmini alikuwa akimsimamia. Sufiani nimempikia mimi, amekula kwangu wali na kambare mara nyingi. Namba ya kufungulia simu ya Yasmini alikuwa anaijua, kwa maana ndimo alimokuwa akisikilizia nyimbo za kujifunza. Baada ya siku chache akaaga, akasema anakwenda Dar es Salaam, amepata watu wake.

Jumapili tarehe 20 Julai nilikuwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga, Mbuchi, pamoja na Mwanasiti. Redio ilikuwa imewashwa. Mtangazaji akamkaribisha Sufiani na wimbo wake mpya. Niliposikia maneno ya kwanza nikajua ni ya mwanangu. Kisha nikajisikia mwenyewe ninamwita Mwanasiti, kwa sauti kubwa, naye ananijibu na uji wake, na ngoma zimewekwa chini yetu. Mwenye mashine akaizima mashine ili redio isikike. Watu wote wakanigeukia.

Mtangazaji akamuuliza huyo mama ni nani. Sufiani akasema, "Ni marehemu bibi yangu wa Mloka, Mungu amrehemu, nilimrekodi siku zake za mwisho. Kamba ni uhai." Mtangazaji akauliza, na uji je? Akasema hiyo ni falsafa.

Mwanasiti akanipa mkono mbele za watu. "Tabu, pole kwa msiba wako. Tunazika saa ngapi?"

Nikamjibu, "Wewe utanizika na huo uji wako mkononi?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Kisha nikaacha, kwa sababu nilielewa kwamba huyu kijana niliyempakulia chakula ndiye mwenye simu ya mwanangu.

Sufiani amekulia hapa mjini barabarani, hajawahi kulala dunguni hata siku moja. Alipotusikia mle ndani alidhani ni kiitikio. Angejua kuwa ni mtu na jirani yake wanagombana juu ya kamba ya ndege, angetukata. Na huko Mloka kwa bibi yake, kando ya hifadhi, wanahangaika na tembo, si ndege. Tembo hafukuzwi kwa kamba ya makopo ya maziwa.

Nilipompelekea Yasmini habari hizi alichukua ufagio akafagia uwanja mzima. Mwanangu akikasirika anasema sana, akishika ufagio ndipo naogopa. Kuna kampuni ya muziki ya Dar es Salaam iliyokuwa tayari kumchukua awe mtunzi wao na msimamizi wa wasanii wao. Sufiani amewaambia kwamba Yasmini ndiye mwizi wa tungo, kwamba alikuwa anachukua maneno ya waimbaji na kuyaita yake. Kampuni wakamwandikia kuwa wanasubiri kwanza ukweli ujulikane. Tangu hapo hajaandika hata mstari mmoja. Ninamwona asubuhi amekaa kwenye ngazi anaangalia njia. Afande ameniuliza kama ninataka maji. Nimesema tuendelee.

Ninaambiwa Sufiani amehojiwa na ameshikilia kwamba hiyo simu yeye haijui na sauti ni ya bibi yake. Afande amenipigia wimbo huo hapa mezani, akaniuliza kama ninaweza kuutoa ukelele ule kama ulivyo. Nimeutoa.

Hayo ndiyo ninayoyajua, niliyoyaona kwa macho na niliyosimuliwa, kila moja nimelitaja lilivyo. Nimesomewa, nimeona ni yangu, ninatia sahihi.

(Sahihi) Tabu S. Mfaume

MAELEZO YA ASKARI: Nimeyaandika mimi, Koplo Abubakary, na kumsomea shahidi kwa Kiswahili. Ninathibitisha kwamba shahidi alitoa ukelele uliotajwa, na kwamba askari wa zamu na wananchi wawili waliokuwa nje waliingia kuuliza kuna nini. Kwa kusikia kwangu, sauti inafanana na iliyo kwenye wimbo. Prodyuza aliyeutengeneza wimbo amepigiwa simu. Amekiri kuwa Sufiani alimletea sauti hiyo ikiwa ndani ya simu, na kwamba simu hiyo imebaki kwake studio, ataileta. Kampuni iliyotajwa imekubali kumtuma mtu wake aje asikilize. Mwanasiti Ukasha atasimama mwisho wa uwanja wa kituo, Tabu atakuwa getini, Sufiani atakaa katikati yao, na wanawake hao wataitana na kujibizana kama walivyofanya shambani.

Shahidi ameomba iongezwe kwamba Mwanasiti amekubali kuja, ila anauliza kama aje na uji. Nimemjibu aje nao.

Wote waliotajwa, pamoja na Yasmini Shaban, wafike kituoni hapa Jumatatu, tarehe 11 Agosti 2025, saa tatu asubuhi.