Prosesa Mpya ya Omari

Magamba, Lushoto
Jumamosi, 9 Agosti 2025

Kaka yangu Abubakari,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba joto la Tanga limewahurumia kidogo mwezi huu. Sisi huku ni wazima. Goti la mama linamsumbua asubuhi tu, ikifika saa nne anasahau kwamba analo. Ukungu haujaondoka tangu Jumatatu, na maharage tuliyoanika yamegoma kukauka.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Kwenye simu huwa unanikatiza, na mimi nikikatizwa nasema jambo lililo karibu badala ya lililo la kweli. Tena ndani ya kifurushi hiki, chini ya karoti alizokupakilia mama, kuna kiboksi kidogo. Nakuomba usikiguse kabla hujamaliza kusoma.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita uliniuliza jambo moja: je, inafaa kumnunulia Omari prosesa mpya kwa ajili ya gemu zake, au ile kompyuta ya mezani uliyotuletea inatosha ilivyo? Uliniuliza mimi kwa sababu nina digrii ya uhandisi wa kompyuta, digrii ambayo tangu niipate haijaulizwa kitu na mtu mwingine yeyote. Nilikujibu kwa maneno mawili: inafaa, nunua. Leo nataka ujue nilivyoyafikia.

Mdogo wetu unamjua. Ana miaka ishirini na moja, anajifunika blanketi, anavaa visikizio, na anawapigia kelele watu wa Moshi na Tanga ambao hajawahi kuwaona. Wao wanamwita Kamanda. Kamanda huyu hawezi kuamuru hata kuku watoke jikoni. Kila alipofika katikati ya pambano, picha ilianza kukwama, akauawa, akageuka na kutuambia kwamba prosesa imezeeka. Maneno hayo aliyapata kwenye video za wanaume ambao kazi yao duniani ni kufungua maboksi, na kila mwaka kutangaza kwamba cha mwaka jana ni takataka. Mwalimu wake wa jiografia hakuwahi kusikilizwa hivyo. Chakulani nilimtaka anieleze prosesa inafanya nini hasa. Akasema ni kama ng'ombe wa kulimia, wakiwa wengi jembe linakwenda haraka. Kwenye miteremko hii, kaka, ambako hakuna aliyewahi kuona ng'ombe akivuta jembe. Nilicheka mpaka mama akaniambia kwa Kishambaa kwamba shule haikunifundisha kunyamaza.

Kabla sijaanza kupima, Omari alimleta Stephano, yule fundi wa simu wa pale sokoni. Unamkumbuka, aliacha shule kidato cha pili. Hakuwasha kitu. Aliweka kiganja juu ya kompyuta kama mama anavyompima mtoto homa, akasema, "Dada Hidaya, hii inakosa hewa." Nikamwambia kwamba watu wanapanda kutoka Tanga kuja kutafuta hewa huku, na kwamba nyumba yetu ina hewa kiasi cha kutulaza na masweta mawili. Omari mwenyewe alicheka. Stephano alimaliza chai yake, akamshukuru mama, akaenda zake. Nilimdharau kwa utulivu ule, nikadhani ni wa mtu asiyejua kwamba ameshindwa.

Kisha nikapima kwa njia yangu. Niliwasha gemu la Omari, picha zikiwa kwenye ubora wa juu, nikahesabu fremu, yaani picha zinazopita kiooni: arobaini na moja kwa sekunde. Nikashusha ubora mpaka chini kabisa, miti ikawa kama ya kukatwa kwa makasi: arobaini na mbili. Maana yake ni nyepesi. Ukiipunguzia kadi ya picha mzigo na mwendo usiongezeke, anayechelewesha ni prosesa. Nilimwandikia Omari hesabu hiyo kwenye karatasi, nikamsomea kama hukumu. Sikupima joto. Kupima joto Magamba, mwezi wa sita, nilikuona ni ushamba.

Sharti lako lilikuwa kwamba nusu utoe wewe, nusu aitafute mwenyewe. Nilikuwa na hakika hataitafuta. Omari ambaye tunamwamsha mara tatu ili achote maji? Lakini Jumapili iliyofuata alifunga begi akaenda Shume kupakia mbao kwenye malori. Mlangoni aliniambia, "Dada, wewe ndiye unayejua. Ukisema inafaa, nitapakia mpaka ifae." Nikamjibu kwamba atarudi kabla ya Ijumaa.

Hakurudi. Aliyerudi kwenye meza yake ni mimi, Jumatano, kutuma maombi ya kazi. Siku hiyo mama alikuwa amefua vitambaa vyake vyote vya kufuma: vya makochi, cha televisheni, cha friji, na cha kompyuta. Unajua anavyovifuma. Tangu unyevu ulipoiua redio ya marehemu baba, hakuna kitu cha umeme kinachokaa uchi nyumbani humu. Kile cha kompyuta alikitia bitana ya flaneli nzito ya kuhifadhi joto, maana ndicho kitu cha thamani kuliko vyote tulivyo navyo. Omari alikuwa akisema kompyuta yetu imevalishwa sweta. Mtu akitaka kuitumia, anakunja upande wa mbele tu, kwa adabu. Juu na nyuma, ambako mashine inapumulia, panabaki pamefunikwa. Nimekua ndani ya vitambaa hivyo kiasi kwamba nilipima, nikahesabu na kuhukumu mkono wangu ukiwa juu ya flaneli, na sikuiona.

Kwa ukungu ule kitambaa kilikaa kwenye kamba siku tatu bila kukauka. Siku ya kwanza niliona feni ya kompyuta haipigi kelele. Nikawasha gemu, kwa udadisi tu. Fremu sabini na tatu. Nikafunika kompyuta kwa shuka zito, nikasubiri nusu saa: arobaini. Nikafunua: sabini na tatu. Prosesa ikipata joto inajipunguzia mwendo yenyewe isiungue. Nililisoma hilo mwaka wa pili na kulipatia alama ya juu kwenye mtihani.

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole.

Jioni ile Omari alipiga simu kutoka Shume. Mgongo ulikuwa unamuuma. Aliniuliza kama bado nina hakika, maana wenzake kule walikuwa wanamcheka, kijana anapakia mbao kwa sababu ya gemu. Simu ilikuwa mkononi mwangu, na kamba ya nguo ilikuwa mbele ya macho yangu, na kitambaa kikidondosha maji. Neno moja lingetosha kumrudisha nyumbani. Nikaiona ile karatasi niliyomsomea, nikamwona Stephano na kikombe chake. Nikamwambia aendelee.

Aliendelea wiki nne. Kitambaa kilipokauka mama alikirudisha mahali pake, nami nikamtazama akikinyoosha pembe.

Omari aliporudi, ulikuwa umeshamtumia prosesa kwa basi. Hakula kwanza. Aliniletea kiboksi kwa mikono miwili, na viganja vyake vilikuwa vimechubuka mpaka hawezi kukunja ngumi. Nikaifunga prosesa. Kabla ya kuwasha, nilikitoa kitambaa nikamwambia mama kwamba hii mpya haipendi kufunikwa. Mama akasema kumbe ni ya watu wa pwani, akakikunja akakiweka kabatini bila kinyongo. Gemu likaenda kama maji. Omari akanishika bega, akawaambia wale watu wake wa Moshi na Tanga kwamba dada yake ni injinia. Tangu siku hiyo anachota maji bila kuamshwa, na kila anayeingia ndani anaambiwa habari za prosesa. Hata Stephano aliambiwa. Alitazama juu ya kompyuta, pale palipokuwa na kitambaa, kisha akanitazama mimi, akasema hongera.

Jana Omari alipokwenda kwenye sala ya Ijumaa, niliitoa ile mpya nikarudisha ya zamani, bila kitambaa. Mpya ilikuwa ikitoa sabini na nane. Ya zamani imetoa sabini na tatu. Fremu tano, kaka, ambazo jicho la Omari haliwezi kuziona, wala la mwanadamu mwingine. Alirudi akacheza saa mbili kwenye ile ya zamani huku akiisifu mpya. Mwezi mmoja uliopita ningecheka. Nilikaa nyuma yake nikimtazama viganja.

Nimemdharau Omari kwa kutokujua, na kutokujua kwake hakukumgharimu mtu. Nimemdharau Stephano kwa kutosoma. Mtu wa kudharauliwa nyumbani humu alikuwa mmoja, na ndiye aliyekuwa anagawa dharau.

Kwa hiyo swali lako bado linastahili jibu. Haifai. Kilichohitajika ni kukunja kitambaa. Mwuzaji alikubali kuipokea ndani ya mwezi mmoja kama haitatufaa, na zimebaki siku sita. Imo kwenye kiboksi, nimeisafisha. Nusu itakayorudi ya Omari umpe yeye mkononi, isipitie kwangu. Mama nitamweleza mwenyewe. Naogopa zaidi atakavyosikitikia kitambaa kuliko atakavyonisema.

Omari ndiye atakayepeleka kifurushi hiki stendi leo mchana. Barua hii nampa aisome kwanza. Sikufuta chochote nilichoandika juu yake hapo juu, kuku na ng'ombe na vyote, maana nikianza kufuta nitafuta na yaliyo ya kweli. Akitaka kuichana, ni haki yake, na hutajua kamwe kwamba niliwahi kukuandikia.

Msalimie wifi, na uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mama anasema karoti msizikwangue, zioshwe tu.

Bahasha nimeiacha wazi. Ukiiona imebandikwa ovyo, gundi imetapakaa mpaka kwenye jina lako, ujue ni mkono wake.

Mdogo wako,
Hidaya